Tuacheni kuwasha majiko ya mkaa kwenye grinihausi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wakulima wenzangu wa nyanya, maana huku Meru naona umeingia mtindo wa kuwasha jiko la mkaa ndani ya grinihausi zetu za nailoni usiku, eti nyanya zipate hewa ukaa, ile kaboni dioksaidi ambayo mmea unaitengenezea chakula, zikue haraka. Jamani tuacheni hii kitu.

Wazo lenyewe lina msingi. Waholanzi wanaongeza hewa ukaa kwenye grinihausi zao za vioo mpaka sehemu 800 hadi 1000 kwa milioni wakati nje ni kama 420 tu, na hata jirani zetu wa Naivasha, Kenya, shamba la maua la Oserian limetumia ile inayotoka na mvuke wa ardhini. Ila hewa ukaa mmea unaitumia mchana kwenye mwanga. Inapitia stomata, vile vitundu vidogo vilivyojaa zaidi chini ya jani, na giza likiingia vinajifunga, sasa huo mkaa wa saa nane usiku unamlisha nani?

Ukitaka kuviona paka rangi ya kucha ile angavu isiyo na rangi upande wa chini wa jani, ikikauka ibandue na selotepu uiweke kwenye hadubini ya shule, utaona kila kitundu kina seli mbili zimekaa kama midomo. Zikijaa maji zinavimba kitundu kinafunguka, zikilegea kinafunga. Na hewa ukaa ikizidi zinabana hata mchana, ndo maana mmea unapoteza maji kidogo, hiyo faida ni ya kweli kabisa, lakini maji hayo hayo ndo yanayopoza jani, kwa hiyo ukifunga nailoni saa saba mchana ili hewa ukaa isitoke, joto linapanda na maua yanapukutika.

Tena mkaa unatoa kaboni monoksaidi, hiyo ni gesi nyingine si hewa ukaa, haina harufu wala rangi na inaua, na anayeingia alfajiri mara nyingi ni kibarua au mama na mtoto mgongoni.

Grinihausi iliyojaa mimea ikifungwa mchana hewa ukaa inashuka kuliko ya nje, hivyo kunja nailoni za pembeni jua likishatoka, inaingia bure. Mabwana shamba wapite walisemee hili kabla baridi ya Juni haijaanza, hapo ndo majiko yanaongezeka.

Mkulima wa nyanya,
Meru, Arusha