Usiishie Penye Risasi: Barua kwa Mwanangu

Buruburu, Nairobi

Mwanangu mpendwa Neema,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Natumai u mzima na masomo yanaendelea vyema huko Eldoret. Insha yako kuhusu jaribio la Hitler la kuipindua serikali ya Ujerumani mwaka 1923 nimeisoma mara mbili, na kwa sehemu kubwa imenipendeza. Hata hivyo, umetumia kurasa tatu kusimulia fujo za ukumbi wa bia, kisha kesi nzima ukaimaliza kwa mistari mitatu, kana kwamba mambo yalikwisha polisi walipofyatua risasi. Mimi niliyefanya kazi ya ukarani wa mahakama hadi kustaafu, siwezi kulinyamazia hilo.

Usiku wa Novemba 8 umeueleza vizuri: Gustav von Kahr, mtawala wa jimbo la Bavaria, akihutubia watu wapatao 3,000 katika Bürgerbräukeller mjini Munich, wanaume wenye silaha wakiuzingira ukumbi, na Hitler akipiga risasi darini ili asikilizwe. Umegusia pia kwamba Ufaransa na Ubelgiji zilikuwa zimelikalia eneo la viwanda la Ruhr nchini Ujerumani tangu Januari, na kwamba Novemba hiyo dola moja ilibadilishwa kwa matrilioni ya maki, sarafu ya Ujerumani. Ulilolipita ni namna Kahr na wenzake wawili, mkuu wa jeshi na mkuu wa polisi wa Bavaria, walivyotoka mle ndani: Jenerali Ludendorff, mshirika wa Hitler, aliwaachilia baada ya kupewa neno la heshima tu, nao walipofika nje wakaamuru waasi wazimwe. (Jenerali mzima aliyeongoza vita vikuu, hakuweka hata mlinzi mlangoni!) Kesho yake waandamanaji wapatao 2,000 walizuiwa na polisi karibu na uwanja wa Odeonsplatz, na kwa jumla watu 20 wakafa siku hiyo, wanne kati yao wakiwa polisi. Hitler aliteguka bega, akatoroka, na siku mbili baadaye akakamatwa katika nyumba ya rafiki yake kijijini Uffing.

Sasa ingia mahakamani. Kwanza, kesi ya uhaini ilipaswa kusikizwa na mahakama maalumu ya taifa mjini Leipzig, lakini Bavaria ilikataa kumtoa mshtakiwa, maana wakubwa wa jimbo hilo wenyewe walikuwa na mengi ambayo hawakutaka yafukuliwe mbele ya mahakimu wageni. Kesi ikafunguliwa Munich tarehe 26 Februari 1924, mbele ya Jaji Georg Neithardt. Mshtakiwa aliporuhusiwa kujieleza, alizungumza kwa takriban saa 4, na magazeti yakayasambaza maneno yake Ujerumani nzima. Nilipolisoma hilo nilimkumbuka mama mmoja aliyekuwa amekamatwa na kanjo, askari wa jiji, kwa kuuza sukuma wiki kando ya barabara: alisomewa shtaka, akajibu kwamba ni kweli, akatozwa faini na kuondolewa kizimbani kabla sijamaliza kuliandika jina lake kwenye jalada.

Lingine ni rekodi ya awali, jambo ambalo hapa kwetu hakimu huuliza kabla ya kutoa adhabu. Hitler alikuwa nayo. Mwaka 1922 alihukumiwa miezi mitatu kwa kuvuruga kwa nguvu mkutano wa mpinzani wake, akatumikia mwezi mmoja, na sehemu iliyobaki ikaahirishwa kwa sharti la kuwa na mwenendo mwema. Jaribio la mapinduzi haliwezi kuitwa mwenendo mwema, lakini Neithardt alipita hapo kama asiyeona. Aidha, Sheria ya Kuilinda Jamhuri, iliyopitishwa mwaka huo huo wa 1922 baada ya kuuawa kwa Waziri wa Mambo ya Nje, Walther Rathenau, iliagiza kwamba mgeni atakayepatikana na hatia ya namna hiyo afukuzwe nchini. Hitler alikuwa raia wa Austria. Mahakama ilisema kwamba sheria hiyo haikukusudiwa mtu mwenye fikra na hisia za Kijerumani kama yeye. Hebu fikiria, mwanangu, jaji anaacha kifungu kilichoandikwa anapima hisia!

Hukumu ilitolewa Aprili 1: Ludendorff aliachiliwa huru, naye Hitler akapewa miaka mitano, kiwango cha chini kabisa kwa kosa la uhaini. Alitoka gereza la Landsberg tarehe 20 Desemba mwaka huo huo.

Usidhani nawatakia watu kitanzi. Sisi tuliokuwapo Nairobi Agosti 1, 1982, wanajeshi wa anga walipotangaza redioni kwamba serikali imepinduliwa, tunajua pia ubaya wa upande wa pili: baada ya jaribio kuzimwa, miaka ya woga ilifuata na watu wasiohusika wakawekwa kizuizini bila kufunguliwa mashtaka. Ninachodai kwa Munich ni sheria isomwe ilivyoandikwa, basi.

Mwalimu wako huenda akakupinga kwa kusema kwamba chama cha Hitler, cha Nazi, kilipata asilimia 2.6 tu ya kura mwaka 1928, hivyo ni mdororo wa uchumi ulioanza 1929 uliokifufua, wala si upole wa jaji. Hoja hiyo ina nguvu, usiikwepe. Ni kweli pia kwamba Austria ilikataa kumpokea suala la kumfukuza lilipoibuliwa tena baadaye. Lakini kifungo kamili kingemweka ndani hadi Novemba 1928, na chama kilichorudi mwanzoni mwa 1925 kingerudi bila yeye, kikiwa vipande vipande kama kilivyokuwa alipokuwa gerezani.

Jambo la mwisho: katika kesi ile vifo vya polisi wanne havikupewa uzito, na insha yako nayo imewaita "askari kadhaa". Walikuwa Friedrich Fink, Nikolaus Hollweg, Max Schoberth na Rudolf Schraut. Waandike kwa majina. Punguza ukumbi wa bia uwe ukurasa mmoja, upate nafasi ya mahakama, kisha unitumie tena kabla ya kuiwasilisha.

Mama yako anakusalimu na anauliza kama lile blanketi limetosha kwa baridi ya huko. Nauli ya likizo nitakutumia Ijumaa.

Wako akupendaye,
Baba