Kikao cha Jumamosi: saa imebadilika

Hamjambo wanachama,

Kikao si saa nane tena, ni saa nne asubuhi, ukumbi ule ule wa kanisa hapa Huruma. Muuguzi wetu ana zamu mchana.

1. Nauli ya dharura: shilingi 200 kila mmoja, kwa M-Pesa ya mweka hazina, mwisho Ijumaa jioni. Wiki jana tulimkimbiza mama mmoja hospitali ya uzazi ya Pumwani saa tisa usiku. Teksi 1,500, mfukoni mna 900. Tulichangishana gizani, mama ameshikilia mlango wa gari. Jamani, isirudie.

2. Wajawazito njooni na kijitabu cha kliniki. Shirika la Afya Duniani linashauri kumwona mhudumu angalau mara 8 kabla ya kujifungua, na ya kwanza iwe ndani ya wiki 12. Sisi huanza tumbo likishaonekana na mtaa mzima!

Kutokwa damu, kichwa kuuma sana, kuona ukungu, mtoto kupunguza kucheza: usingoje Jumamosi, nenda hospitali sasa hivi.

Chai ipo. Mandazi nani analeta?

Tafadhali jibu "nakuja" au "siji" kabla ya Alhamisi usiku. Akina baba pia.