Babangu, babam

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze kwa heshima ninapotofautiana na makala ya ukurasa wa lugha ya wiki iliyopita, iliyosema kwamba Kituruki hurundika viambishi mwishoni mwa nomino bila mpango na kwamba Mswahili hana pa kuanzia.

Pa kuanzia pako mdomoni mwetu. Hapa Lamu hakuna mtoto asiyesema babangu, babako, babake. Na Mturuki, ambaye neno lake ni hilohilo baba, husema babam, baban, babası. Tena tunaposema "babake Ali" tumetia alama kwenye kinachomilikiwa, na ndivyo afanyavyo Mturuki, ila yeye humtia alama na mmiliki pia: Ali'nin babası.

Tunapoachana ni kwenye mahali na mwendo. Kiambishi chetu -ni hutumika kwa aliyeko, aendaye na atokaye, kitenzi kikatuonyesha ni yupi, ilhali Kituruki humpa kila mmoja mwisho wake: evde, niko nyumbani, eve, naenda, evden, natoka. Umiliki hutangulia, mahali hufuata, kwa hiyo evimden ni ev, nyumba, kisha -im, yangu, kisha -den, kutoka. Sisi husema nyumbani kwangu, mahali kwanza na mwenyewe baadaye, na ndiyo sababu wanafunzi wangu huandika "evdenim", kosa ambalo halitokani na uvivu bali na Kiswahili chao kizuri. Hata -dan ya babamdan, kutoka kwa babangu, na -den ya evimden si viambishi viwili. Ni kimoja kilichofuata irabu iliyokitangulia, kama tunavyosema pigia lakini somea.

Utata wa kweli upo, nao makala haikuugusa. Evinde yaweza kuwa nyumbani kwako, ambapo -in ni ya umiliki, au nyumbani kwake, ambapo n imeingizwa tu kati ya evi, nyumba yake, na -de. Hapo msomaji hana budi kuitazama sentensi nzima.

Vijana wetu wanaojitayarisha kwenda kusoma Uturuki hufafanuliwa haya kwa Kiingereza, lugha isiyo na -ni wala babake. Naomba ukurasa wako uwachapishie jedwali la baba na ev kwa Kiswahili. Niko tayari kuliandaa.

Mwalimu wa lugha,
Langoni, Lamu