Kwa mwanangu, kabla hujaenda Dar

Mwanangu,

Jana kwenye simu uliniuliza kwa nini huwa nanuna kila ukitaja daladala za Kinondoni. Dukani kulikuwa na wateja, nikakukatisha. Sasa nakuandikia.

Februari 16, 2018 ulikuwa bado mdogo. Ilikuwa Ijumaa, kesho yake uchaguzi mdogo wa ubunge Kinondoni. Chama cha upinzani, CHADEMA, wakaandamana kwenda kwa msimamizi wa uchaguzi kudai hati za mawakala wao, polisi wakawatawanya kwa mabomu ya machozi na risasi. Akwilina Akwilini, mwanafunzi wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, hakuwa kwenye maandamano. Alikuwa abiria kwenye daladala pale Mkwajuni, anapeleka Bagamoyo barua yake ya mafunzo kwa vitendo. Barua kama hiyo uliyo nayo wewe kwenye begi. Risasi ikamkuta mle ndani ya gari. Wazazi wake wakamzika kwao Rombo.

Kijiweni hapa Moshi wapo waliosema aliyemuua ni aliyeitisha maandamano. Tulibishana sana, na mpaka leo sijawaelewa. Haya, tuseme maandamano yalikuwa haramu. Bunduki ya serikali haitoki ghalani bila mtu kusaini, na risasi huhesabiwa zikirudi. Wa kuulizwa walikuwepo. Lakini Aprili ileile Mkurugenzi wa Mashtaka akafunga jalada, akasema hakuna ushahidi wa nani alifyatua. Waliofikishwa kizimbani kwa mambo ya siku ile ni Freeman Mbowe, mwenyekiti wa CHADEMA wakati ule, na wenzake. Machi 2020 wakapigwa faini, jumla shilingi milioni 350, na mwaka 2021 Mahakama Kuu ikaifuta hukumu hiyo. Sasa nitafutie wewe, msomi wangu: kwa kifo kile, nani amehukumiwa?

Hapo ndipo hasira ya watu inapozaliwa. Arusha, Januari 5, 2011, watu watatu waliuawa siku ya maandamano ya kupinga uchaguzi wa meya, mmoja wao Mkenya. Mtu akiuawa hivyo, mtaa mzima unataka kujua nani alifyatua na nani alimtuma. Ukinyamaziwa, vijana wanachoma matairi. Siwaungi mkono wanaochoma vituo vya polisi, maana majalada tunayoyadai yamo mlemle, ila nikisikia mkubwa anawaita wahuni tu, basi, nazima redio.

Kwa hiyo sikukatazi kuandamana. Ibara ya 20 ya Katiba unaijua kuliko mimi. Nikikwambia ukae mbali utakuwa salama, nitakuwa nakudanganya. Akwilina alikaa mbali.

Ninachokuomba ni haya. Ukisikia mlio ukiwa kwenye gari, lala chini, usichungulie dirishani, wala usitoe simu kurekodi. Tembea na kitambulisho, na namba yangu iandike kwenye karatasi uiweke mfukoni. Oktoba 2025 ulijionea intaneti ilivyozimwa, mama yako akashinda na rozari. Na ukimwona mtu amepigwa risasi, ukishafika mahali salama andika saa, mahali, namba ya gari, askari walivaaje na walisimama upande gani. Usirushe kwenye magrupu. Wape ndugu wa marehemu au wakili wao. Ipo sheria ya kuchunguza kifo cha namna hiyo mbele ya hakimu, lakini hakimu hawezi kumwita shahidi asiyejulikana. Najua nakutwisha mzigo. Wajomba zako wangekwambia ufunge mdomo ule chakula chako, nao wanakupenda.

Basi likifika stendi ya Magufuli, mpigie shangazi yako, usichukue bodaboda usiku. Ndizi zilizo kwenye kiroba ni zake zote. Ulizoomba wewe zitakuja Jumamosi.

Ni mimi,
Baba yako