Barua kwa Mwanangu Kabla ya Kesha

Umoja, Nairobi
Jumatano jioni

Mwanangu mpendwa,

Nimempa kaka yako barua hii akuletee huko Roysambu, maana kwa simu tunaishia kupandishiana sauti. Ulisema umeshaombewa mara tatu na hujampokea Roho Mtakatifu, na kwamba kesha la Ijumaa hutoki kabla ya kunena kwa lugha, maneno yale ya Roho ambayo mtu hakujifunza. Hilo la kutotoka ndilo limeninyima usingizi. Kunena sikukatazi, Paulo mwenyewe aliwaambia Wakorintho wasizuie kunena kwa lugha. Nakuomba jambo moja tu: usiige sauti ya mtu.

Najua mambo yanavyokwenda. Inafika saa nane za usiku, mmefunga tangu asubuhi, mnaitwa mbele. Unaambiwa ulegeze taya useme "haleluya" mbio mbio bila kutua. Ulimi wa mtu yeyote ukikimbizwa hivyo silabi hugongana, na zikigongana tu aliye kando yako anatangaza kwamba umepokea. Ambaye ulimi wake haukujikwaa huokota silabi nne tano za kiongozi akazirudia, kwa sababu wenzake wamerudi kuketi naye amebaki amesimama. Sikiliza vizuri: kundi zima likinena kwa mlio mmoja wa kiongozi, ujue wameigana.

Tena wewe umesomea uuguzi, hili hukupaswa kukumbushwa na mimi. Mtu akihema haraka kwa muda mrefu, hewa ya kaboni hupungua kwenye damu, midomo hufa ganzi, vidole huwasha na kukakamaa, kichwa huzunguka. Wodini unalitambua mara moja. Kwa nini kanisani uliite upako? Likikupata keti chini, upumue polepole. Na usifunge bila maji, na hivyo vidonda vyako vya tumbo.

Halafu hili la kwamba asiyenena hana Roho. Limetoka wapi? Assemblies of God walipoandika imani yao mwaka 1916 walisema kunena ni ishara ya kwanza ya ubatizo wa Roho Mtakatifu, na ubatizo huo wanautenga na wokovu. Asiyenena kwao ni mtu aliyeokoka ambaye bado anangoja. Wapo Wapentekoste wengine, wale wanaobatiza kwa jina la Yesu pekee, ambao hufungamanisha kunena na wokovu wenyewe. Muulize mchungaji wenu anasimama upande gani, akujibu kwa Maandiko. Kwenye Matendo, nyumbani kwa Kornelio walinena na Efeso walinena, lakini Samaria, sura ya 8, walimpokea Roho na lugha hazikutajwa. Na Paulo alipouliza kama wote wanena kwa lugha, aliuliza akijua jibu ni hapana.

Kwetu Wakatoliki wa Karismatiki, tangu uamsho ule ulioanzia Pittsburgh mwaka 1967, kunena ni karama mojawapo, na haitumiki kupimia mtu. Ndiyo maana semina ya Maisha katika Roho huchukua wiki saba, na kuombewa huja wiki ya tano, baada ya mafundisho na toba. Anayenena ananena, asiyenena anapewa sala ileile na baraka ileile. Kuimba kwa lugha nako huanza chini kwa noti moja, kunapanda, kisha kunashuka kwenyewe bila mtu kupaza sauti ya kuwaongoza. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Si kila mara imekuwa hivyo, na mkono uliokazana kichwani mwa mtu mara nyingine umekuwa wangu. Yule msichana wa kwaya unamkumbuka, sina haja ya kueleza.

Kwa hiyo Ijumaa usiige. Mkiomba wote pamoja, kila mtu na Mungu wake, omba kwa Kiswahili na usione haya. Lakini mtu akisimama kutoa ujumbe kwa lugha mbele ya kanisa, hapo kuna sheria, 1 Wakorintho 14:27: wawili, wasizidi watatu, kwa zamu, na mmoja afasiri. Asipokuwapo wa kufasiri, anyamaze. Tafsiri inaweza kuwa fupi au ndefu kuliko ujumbe, hilo lisikushtue, ila isipokuwapo kabisa, mna kesi na Paulo.

Na wakikuambia umenena Kichina, usikubali kirahisi. Mhubiri Alfred Garr alitoka kwenye uamsho wa Kipentekoste wa Azusa Street, Los Angeles, akaenda Calcutta, India, akiamini amepewa Kibengali, na haikuwa hivyo. Kunena hakuacha, lakini Hong Kong alihubiri kupitia mkalimani. Wanaisimu waliorekodi maneno haya wamekuta yanaundwa kwa sauti za lugha ambazo mnenaji anazijua tayari. Kwangu hilo haliondoi sala. Linaondoa majivuno.

Ukishahamia Kakamega kuanza kazi, Jumapili itakayofuata utaenda na shangazi yako kwa Marafiki, kanisa la Quaker. Usimwambie kanisa lake limepoa! Mwaka 1927 uamsho wa Roho ulizuka palepale Kaimosi, watu wakanena, wakatengwa, na kutoka kwao likazaliwa kanisa la Roho Mtakatifu unaloliona huko na kanzu nyeupe. Familia ziligawanyika kwa jambo hili kabla hujazaliwa. Nisingependa yetu ifuate.

Najivunia hiyo nafasi uliyopata hospitalini, hata kama sikukuambia siku barua ilipokuja. Nilianza na habari ya nauli, najua.

Usipande gari Jumamosi asubuhi ukitoka kesha, lala kwanza, usafiri Jumapili usiku au Jumatatu. Blanketi lile zito liko juu ya kabati, kaka yako atalileta pamoja na gambuti, kwa vile huko mvua ni ya kila alasiri. Mtungi wa gesi uache, shangazi ana wake. Mrudishie mwenye nyumba funguo mkononi na udai pesa zako za dipoziti, usimwachie jirani. Tumia token ya stima iliyobaki, usinunue nyingine. Shangazi ameomba kilo mbili za mchele wa Mwea, si ule wa kuchanganywa. Nimeweka elfu moja ndani ya bahasha hii.

Ukitoka kesha nipigie, hata ikiwa alfajiri.

Mama yako