Masanduku ya maji ya jua msiyatupe, yarekebishwe

Mhariri naomba nafasi kidogo gazetini kwako. Huku kwetu chini ya mlima Meru floraidi kwenye maji iko juu, yale madini yanayoharibu meno yakizidi, meno ya kahawia unayaona kuanzia kwa mtoto mpaka kwa babu, na bado kuna watu wanaamini ukichemsha yameshakuwa salama. Jamani kuchemsha kunaua vijidudu tu, floraidi inabaki palepale, na maji yakipungua sufuriani ndo inazidi ukali.

Kuna mradi ulitugawia masanduku ya kuvukiza maji kwa jua. Maji yanapata moto, mvuke unapanda unagusa kioo unageuka matone, yanateremka kwenye kamfereji mpaka kwenye dumu, floraidi na chumvi vinabaki chini. Kitu kizuri kabisa, tena cha zamani, kule Chile mwaka 1872 walijenga mtambo wa hivihivi jangwani ukawa unatoa zaidi ya lita 20,000 kwa siku. Sisi tukawa tunapata chupa moja, watu wakakata tamaa, saivi mengine wanalalia kuku.

La kwangu nililifungua. Tulikuwa tunajaza maji kina cha kiganja kizima, jua linashinda linapasha yale maji mengi mpaka linazama mvuke wenyewe haujachanganya, nikapunguza mpaka sentimita 2. Nikatandika kaniki maana nyeusi inashika joto, chini ya sanduku nikashindilia maranda ya mbao joto lisipotee. Gundi ya kioo ilishapasuka, mchana ukisogeza shavu unasikia mvuke unakupuliza, yaani maji yanaondoka hivihivi, nikaziba kwa silikoni. Halafu kioo kilikuwa kimelala mno, matone yanadondokea ndani kabla hayajafika mferejini, nikakiinua upande mmoja. Na kila asubuhi namwaga mabaki, ukiyaacha yanaganda mweupe juu ya kaniki.

Sasa sanduku la mita moja ya mraba linanipa lita 3, siku ya jua kali mpaka 4. Juni na Julai mawingu yakikaa mlimani yanapungua sana, siwadanganyi, lakini ya kunywa watoto hayakosekani.

Ninachoomba wenye miradi wasilete masanduku mapya, walete fundi mmoja awafundishe maseremala wetu kurekebisha haya yaliyopo, na warudi kuangalia. Mwanangu ana miaka 3, meno yake ya ukubwani saivi ndo yanajijenga ndani ya fizi.

Msomaji wako,
Arumeru