Shukrani kwa Mzee Mvuvi wa Dunga

Kwa heshima kubwa ninamshukuru mzee mvuvi ambaye, asubuhi moja ya Januari, alituongoza katika kinamasi cha Dunga, Kisumu, baada ya gugumaji kuziba njia ya mtumbwi wetu mdogo, kisha akaondoka bila kutaja jina lake. Alitangulia akipiga kafi taratibu kandokando ya mafunjo, akatuelekeza tutulie kabisa, kwa kuwa ndege wa mafunjoni husikika kabla ya kuonekana. Ndivyo tulivyomwona, kwa karibu kuliko nilivyowahi kutumaini, yule ndege mwenye kifua chekundu, mgongo mweusi na utosi wa rangi ya dhahabu, ambaye makao yake ni mafunjo tu, na ambaye kila eneo linalofyekwa au kuchomwa humpunguzia mahali pa kuishi. Kwenye maji wazi walikuwapo buabua, ndege wageni wanaokimbia baridi ya Ulaya na Asia. Mzee alisisitiza turudi kabla upepo wa ziwani haujaanza kuvuma kuelekea nchi kavu, na kweli mawimbi yalipanda tukiwa tumekwisha kufika ufukweni.

Mzee wangu, uliziacha nyavu zako kwa ajili yetu. Asante sana, erokamano.